Uzoefu wangu: paa la turubai la kukaza kwenye banda langu la samaki, Luchelele

Kila wikiendi lazima mteja aniulize lile paa jeupe kanifungia nani na nimelipa shilingi ngapi, na mi namjibu huku nageuza samaki kwa hiyo namjibu nusunusu. Leo naandika yote maana najua kuna wenzangu hapa Mwanza kuanzia Nyegezi mpaka Igombe wana mabanda ya chakula kando ya ziwa na wanahangaika na kivuli kama nilivyohangaika mimi.

Nianze na la kwanza, bila hilo hamtanielewa. Nilikuwa na paa la nyasi, zuri tu na lina ubaridi wake, ila nyasi zikichoka unaezeka upya, na mi nachoma sato na sangara siku nzima cheche zinaruka, nikawa naogopa. Bati nikalikataa kabisa, saa nane mchana nani atakaa chini ya bati ale ugali wa moto. Basi 2022 nikanunua turubai la kawaida, fundi akasimamisha nguzo 4 za mbao zote urefu mmoja, akalitandaza juu bapa kama meza, akafunga kamba za manila kwenye miti. Laki 4 na nusu ikaisha hapo na kwa macho ilikuwa sawa.

Mvua ya kwanza ya maana ikaja alfajiri, si mnajua za huku zinavyotokea ziwani usiku usiku na radi zake. Nafika saa 12 asubuhi nakuta turubai limetoa tumbo, limening'inia karibu liguse meza, maji yamejaa. Kijana wangu akachukua ufagio anataka kuyasukuma akiwa chini yake nikampigia kelele atoke, na kweli hazikupita dakika tano pembe moja ikachanika maji yote yakashuka kwa mpigo, meza mbili zikavunjika na friji ikafa moja kwa moja. Baadaye nikapiga hesabu, maji ya kina cha sentimita 10 kwenye eneo la mita 2 kwa 2 ni lita 400, yaani kilo 400 juu ya vichwa vya watu wanaokula. Ingekuwa Jumapili mchana watoto wamejaa hapo sijui ningesema nini. Kumbe kosa ni ule ubapa wenyewe, turubai likilegea kidogo maji yanatuama, yakituama yanalilegeza zaidi, kwa hiyo yanaongezeka mengine, mpaka lichanike.

2023 nikaelekezwa karakana moja hapa mjini wanaotengeneza hema na maturubai ya malori. Akaja kijana, "shikamoo mama", marahaba mwanangu, nikajua atatoa futi aanze kupima. Wala. Akauliza upepo mkali huwa unatokea wapi na saa ngapi, akaangalia ile miti imelalia upande gani, akachimba kidogo kwa jembe kuona udongo, akauliza maji ya ziwa 2020 yalifika wapi. Nikamwonyesha, maana mwaka ule ziwa lilijaa kuliko watu walivyowahi kuona na sehemu yote ya mbele ililiwa. Akaniambia pia nisithubutu kumwaga zege karibu na maji, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni, kwa hiyo tukarudi nyuma. Kivuli kikawa mbali na maji kuliko nilivyotaka, roho iliniuma, ila sasa nimezoea.

Halafu akaomba khanga. Akawapa wasichana wangu wanne kila mmoja pembe yake, akawaambia vuteni, ikakaa bapa, akamwagia jagi la maji, yakakaa katikati ikabonyea. Akasema sasa wewe na wewe mnaotazamana kona kwa kona mnyanyue mikono, ninyi wengine wawili mshushe, vuteni tena. Aisee. Khanga ile ile ikakakamaa, ukiipiga kidole inarudi, na maji alipomwaga yakakimbilia pembe mbili za chini bila kusimama. Akanieleza kwamba ikishapinda hivyo kuna upinde unaoshuka kati ya pembe mbili za juu, huo ndio unabeba uzito wa mvua, na kuna upinde unaopanda kati ya pembe mbili za chini, huo unashikilia upepo unapotaka kulinyanyua, na yote miwili inavutana muda wote hata kama hakuna mvua wala upepo. Ndio maana ya kukaza. Nguvu iko kwenye lile umbo na mvuto wake, kitambaa peke yake hakiwezi. Mi nimekaa na khanga maisha yangu yote sikuwahi kujua hilo.

Akanionyesha kwenye simu Mjerumani mmoja msanifu wa majengo anaitwa Frei Otto, huyo alikuwa anachovya waya kwenye maji ya sabuni halafu anaangalia lile pazia la povu linajipanga lenyewe kwenye umbo lisilo na mkunjo, ndio anajifunzia umbo la paa. 1955 pale Kassel, Ujerumani, alifunga turubai la pembe nne juu ya jukwaa la muziki, mbili juu mbili chini, ukiliona ni hili hili langu. Nilijaribu usiku jikoni na waya wa hanga na sabuni ya vyombo, inafanya kweli, jaribuni na watoto wenu.

Sasa kazi yenyewe. Nguzo ni mabomba ya chuma, mbili za mita 4 na nusu mbili za mita 2 na nusu, zimekaa mita 6 kwa 8. Turubai ni poliesta iliyopakwa plastiki ya PVC pande zote mbili, kama gramu 900 kwa mita ya mraba, kwa hiyo lote lina kilo 36 hivi, vijana wawili walilibeba begani kutoka barabarani. Halijashonwa kwa uzi, vipande vimeunganishwa kwa joto maana tundu la sindano ndipo maji yanapopita. Na vipande vyenyewe vimekatwa kwa mkunjo kama fundi cherehani anavyokata bega la shati, huwezi kupata umbo lile kwa kipande kilichonyooka, tena wanalikata dogo kidogo kuliko saizi yake kwa sababu likivutwa linatanuka. Pembeni kwenye pindo mnapita waya wa chuma wa kusuka.

Kilichonishangaza ni mashimo. Nguzo zenyewe nyembamba, turubai jepesi, halafu naona vijana wanachimba shimo la mita 1 kwa mita 1, kwenda chini mita na kitu, nikaona hawa wananila hela ya saruji. Nikamuuliza, akanipigia hesabu mbele yangu: upepo wa kilomita 100 kwa saa unasukuma kama kilo 48 kila mita ya mraba, mara mita 40 za turubai inakaribia tani 2, na upepo ukienda mara mbili nguvu yake inakuwa mara nne. Akasema mama, paa la bati tatizo lake ni uzito wake, hili tatizo lake ni kwamba halina uzito, kwa hiyo uzito lazima tuuweke chini ya ardhi. Sikubisha tena. Pembe moja hatukuchimba kabisa maana tulikuta mwamba, si ndio Mwanza yetu, wakatoboa granaiti wakaingiza bolti kwa gundi maalum, na hiyo ndiyo pembe ambayo haijawahi kunisumbua hata siku moja.

Jumla nimelipa milioni 6 na laki 2. Karibu nusu ni vyuma na zege. Ukiletewa bei ya rahisi sana uliza mashimo yana ukubwa gani, hapo ndipo wanapopunguzia.

Mvua za Elnino za mwisho wa 2023 zilikuja limemaliza mwezi tu tangu lifungwe. Siku moja jioni upepo ulivyoshuka nikaona viti vya plastiki vinaelekea barabarani, nikasimama chini ya paa naliangalia, linatetemeka kama ngozi ya ngoma ila halipigi piga, na hiyo ndiyo alama fundi aliniambia niiangalie, likianza kupiga piga kama tanga lililokosa upepo ujue limelegea na litajichana lenyewe. Halikupiga. Maji yalishuka pembe mbili kama bomba. Nilishukuru Mungu kwa sauti.

Joto limepungua kweli. Mwanga unapita mlaini mchana huwashi taa, na pembeni kuko wazi hewa ya moto inatokea upande wa juu. Baba mkwe alipokuja kukaa hapo mara ya kwanza akasema hii ni Jeddah, maana alipokwenda hija walishukia kwenye ule uwanja wa mahujaji wenye hema nyeupe, ziko 210 na zilikamilika 1981, na anakumbuka jinsi walivyokaa kungojea na hawakuungua. Zile ni za nyuzi za kioo zilizopakwa teflon, zinadumu kuliko hii ya PVC na bei yake si ya mtu wa banda la samaki. Yangu niliambiwa nikiitunza miaka 15.

Lawama ninazo. Walichelewa wiki tatu, na simu wakawa hawapokei, mi nimeshabomoa la zamani nakaa juani na wateja wanapungua. Hilo halikunifurahisha na niliwaambia. Pili hakuna aliyeniambia kuwa nguzo za mita 6 kwa 8 hazikupi kivuli cha mita 6 kwa 8, pembeni zinaingia ndani kama mwezi mwandamo ili ule waya uvute vizuri, kwa hiyo meza mbili za pembeni jua la saa tisa linazipata. Ukiagiza sema unataka kivuli cha ukubwa gani, usiseme nguzo zikae wapi. Tatu mvua ya upepo inaingia ubavuni, hakuna dawa ya hilo zaidi ya kushusha pazia. Na kelele, mvua kubwa ikipiga hamsikilizani.

Maji nayo yalinichimbia shimo kwenye mchanga kila pembe ya chini. Mvua ya milimita 10 tu inashusha lita 400 hivi hapo, nikaweka simtanki ya lita 1000 pembe moja, sasa naoshea vyombo na sakafu, pembe nyingine nikamwaga mawe.

Utunzaji usiupuuze. Makorongo wanachafua, na wale wadudu wadogo wanaopanda ziwani kama moshi wanafuata taa usiku asubuhi turubai zima ni jeusi. Naosha kwa sabuni ya kawaida na brashi laini, Jiki hapana, brashi ya waya hapana, ule utando wa juu ukitoka uchafu unaingia kabisa. Jiko la kuchomea nimelitoa nje ya paa mita 3, cheche moja tu ilishanitoboa tundu dogo kama shilingi, fundi akaliziba kwa kiraka na mashine ya hewa ya moto ndani ya robo saa.

Na kitu kilichonifanya niwasamehe zile wiki tatu: baada ya wiki sita yule fundi alirudi mwenyewe bila kuitwa, kitambaa kipya huwa kinalegea kidogo, akazungusha tanibako, zile skrubu za kukazia, za pembe zote akalikaza upya na hakunidai hata nauli. Kama fundi wako hazungumzii kurudi kukaza, tafuta mwingine, wallahi.

Mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza anarudi tena. Tanibako mbili za upande wa ziwa zimeanza kushika kutu, nimemwambia aje na za stenlesi, na apime pale upande wa jikoni wasichana wanapoparia samaki, bado wanaparia juani.