Forodhani Jumamosi usiku na familia: cha kula na cha kuacha

Bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni mahali pazuri sana pa kumalizia Jumamosi na watoto. Pia ni rahisi kutumia pesa nyingi hapo na kula chakula kilichochoka. Meza nzuri na meza mbaya zinapakana, wapishi wote wamevaa kofia nyeupe, na moshi wote unanukia vizuri. Kitu cha kuangalia ni kimoja tu: je, chakula kinapikwa ukiwa umesimama pale, au kilipikwa mapema na sasa kinapashwa moto?

Msiende kwa haraka. Alasiri inatosha kwa kahawa ya Jaws Corner, baraza maarufu ya Mji Mkongwe, ile kali isiyo na sukari inayomiminwa kwenye vikombe vidogo, na kipande cha kashata pembeni huku wazee wakicheza dhumna. Kutoka hapo mnateremka taratibu kwa miguu hadi baharini. Lengeni kufika Forodhani saa 11 na nusu jioni. Jua Zanzibar huzama saa 12 na dakika chache, au saa 12 na nusu na ushei, kutegemea mwezi, na saa hiyo ya kabla ya magharibi ndiyo yenye raha kuliko zote. Maji yakiwa yamejaa, vijana wanakimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, na watu wanawashangilia. Maji yakiwa yametoka hakuna anayeruka, kwa hiyo anayetaka watoto waone aulizie maji kabla ya kutoka nyumbani. Ukuta huo hauna kizuizi upande wa bahari. Mtoto mdogo ashikwe mkono, hasa giza likishaingia na watu wakaongezeka.

Bustani ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009, na kazi ile bado inaonekana: njia pana, viti, miti ya kivuli na sehemu ya watoto kuchezea. Nyuma yake iko Ngome Kongwe, na pembeni Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Watoto wenye maswali watauliza, basi jiandaeni.

Kufika mapema kuna faida nyingine. Mnaziona meza zikipangwa. Zungukeni bustani nzima mara moja bila kununua chochote. Papasi, yaani vijana wanaotafutia wauzaji wateja, watawaita na kuwaonyesha mishkaki ya kamba, pweza, ngisi, papa na jodari iliyopangwa kama maonyesho. Jibuni "tunazunguka kwanza, kaka", na mwendelee.

Tuanze na pizza ya Zanzibar, kwa sababu ndiyo inayostahili foleni. Donge la unga laini lililolowekwa mafuta linatandazwa kwa viganja juu ya meza hadi liwe jembamba la kuona upande wa pili. Katikati kinawekwa kipande kidogo cha pili cha unga. Hicho ndicho kinachozuia kitovu kisipasuke, na muuzaji anayekiruka atakupa pizza inayovuja yai kwenye tawa, yaani kikaango bapa. Kisha kima (nyama ya kusaga) kilichokwisha kupikwa, kitunguu, pilipili hoho, jibini, mayonezi na yai moja, vyote vinakorogwa hapo hapo juu ya unga, pembe nne zinakunjwa, na inakwenda kwenye tawa. Moto uwe wa wastani. Moto mkali unababua nje huku yai la ndani likiwa bado maji, na kosa hili hutokea zaidi foleni ikiwa ndefu na mpishi ana pizza nyingi kwenye tawa moja. Mwombeni aigeuze mara mbili na kuibonyeza katikati: ikitoa ute, irudi motoni. Pizza moja ya nyama inamtosha mtu mzima mmoja au watoto wadogo wawili. Ya ndizi na chokoleti ni tamu mno, moja igawanywe kwa watu wanne.

Urojo, ile supu ya Zanzibar, nao ni salama ukichagua vizuri, kwa kuwa unachotwa sufuriani ukiwa wa moto. Mzuri ni mwepesi, wa manjano, wenye ukali wa embe bichi na ndimu. Ukikuta mzito kama uji, ujue unga wa ngano umezidi ili kuficha uhaba wa embe. Bajia, kachori na chipsi za mhogo ziingie mwisho kabisa, la sivyo zinalowa kabla hamjaketi. Pilipili na chatne ya nazi viwekwe pembeni kwa ajili ya watoto.

Mishkaki ya ng'ombe inayochomwa kutoka mbichi ni chaguo jema. Makaa yawe yameshika majivu meupe, bila mwali wa moto. Nyama ikimong'onyoka kama imesagwa, basi imelala kwenye papai bichi muda mrefu kupita kiasi.

Sasa vya baharini. Hapa ndipo tunaposhauri kujizuia, ingawa ndivyo vinavyopendeza macho. Mishkaki mingi ya samaki mezani imeshachomwa nusu au yote, imekaa kwenye joto la jioni, na ukichagua inarudishwa jikoni dakika mbili. Pweza hapo anakuwa mpira, kamba anakauka. La jodari ni zito zaidi: akikaa kwenye joto huzalisha histamini, na moto hauiondoi. Dalili zake ni ulimi kuwasha kama pilipili, uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma na mwili kuwasha, na mara nyingi huanza ndani ya saa moja. Mtoto asipewe kabisa jodari wa mezani. Mwenye hamu ya samaki aombe kipande kibichi kinachotoka kwenye barafu na asubiri kichomwe mbele yake. Asiyekubali kufanya hivyo, mwacheni.

Bei iulizwe kwa kila mshikaki, kabla haujawekwa kwenye sahani. Mtindo wa "chagua tu, tutahesabu baadaye" ndio unaozaa ugomvi. Bebeni noti ndogo, maji ya kunawia na tishu, maana wengi hula wamekaa ukutani na paka wako miguuni.

Juisi ya miwa ikamuliwe mkiona: mua unakunjwa na kipande cha tangawizi na ndimu ndani, unapita mashineni mara kadhaa. Iliyokwisha kuwa kahawia kwenye jagi imekaa sana. Kama hamna uhakika na barafu, isiwekwe.

Kuanzia saa 4 usiku wauzaji wa samaki huanza kupunguza bei na kuita kwa sauti zaidi. Ni mishkaki ileile iliyokuwa mezani tangu saa 12. Agizeni miwa ya pili, kisha tafuteni teksi.