Nilitaja ajali yangu ya zamani, bima ikapanda kwa shilingi 82,600

Bima kubwa ya IST yangu iliisha mwezi uliopita, nikaulizia bei sehemu mbili hapa Dar kabla ya kulipia. Thamani ya gari tuliiweka milioni 14.

Wakala wa kwanza alinipigia hesabu palepale: asilimia 3.5 ni 490,000, na VAT inafika 578,200. Akanisogezea fomu nisaini. Kwenye swali la ajali na madai ya miaka mitatu iliyopita, tayari alikuwa ametiki "Hapana". Nikamwambia, mbona mwaka juzi niligonga bajaji kwa nyuma pale Ubungo na bima ikalipa? Akasema, "Dada, ukiandika hayo bei inapanda. Nani atajua?"

Nikamrudishia kalamu. Sahihi ni yangu, na siku nikidai fidia yeye hatakuwepo. Ukificha jambo ambalo lingebadilisha bei, kampuni ikaligundua, inaweza kukataa kulipa. Na ajali ile ina ripoti ya polisi, ina PF 90 (fomu ya polisi ya ajali), ina dai lililolipwa. Ningeificha wapi?

Kampuni ya pili nilieleza yote, hata siku nilipokwaruzana na daladala Mwenge tukamalizana wenyewe bila polisi. Ilinipa aibu kidogo, lakini fomu iliuliza ajali, haikuuliza madai peke yake. Afisa aliandika zote mbili: tarehe, kosa lilikuwa la nani, matengenezo yalikula shilingi ngapi. Kisha akatoka nje, akapiga picha pande zote nne, akachuchumaa kwenye bampa la mbele pale rangi mpya ilipokataa kufanana na ya zamani.

Bei ilirudi baada ya siku mbili: asilimia 4, yaani 660,800 pamoja na VAT. Ya Mwenge haikuongeza hata senti. Kusubiri kulinichosha, na kilichonikera zaidi ni kwamba kiasi nitakachochangia mwenyewe kwenye kila dai hawakukitaja mpaka nilipouliza. Jamani, hilo liulizeni mapema.

Nimelipa. Stika ya kielektroniki ilikuja kwenye simu, nikaihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa namba ya gari, ikasoma. Niliomba pia nakala ya fomu, ile yenye "Ndiyo", nikaiweka faili moja na kadi ya gari.