Vipimo vya kingamwili za kongosho kwa kijana mwenye kisukari aina ya pili: kipi kina faida, kipi ni hasara

Kijana mnene, ngozi ya shingo imekuwa nyeusi, sukari iko juu: wengi huandikiwa kisukari aina ya pili siku hiyo hiyo na uchunguzi ukaishia hapo. Utafiti wa TODAY wa Marekani ulionyesha hatari ya haraka hiyo. Vijana 1,206 wa miaka 10 hadi 17, ambao tayari walikuwa wameambiwa wana aina ya pili, walipimwa GAD65 na IA-2, yaani kingamwili zinazolenga kongosho na kuashiria kisukari aina ya kwanza, asilimia 9.8 wakakutwa na angalau kingamwili moja. Uzito na sura havikutosha kuwatambua.

Kwa hiyo kipimo tunakipendekeza, na mapema. Ila si kila kifurushi cha maabara kina thamani sawa.

Kifurushi kamili kina GAD65, IA-2, ZnT8 (nayo ni kingamwili ya kongosho) na kingamwili dhidi ya insulini. Maabara nyingi hutoa GAD65 peke yake. Ukilazimika kuchagua kimoja, anza na hicho, lakini ujue kwamba wapo wenye IA-2 au ZnT8 tu, na hao watakupita. Kingamwili dhidi ya insulini ndiyo hasara ya mara kwa mara: kijana akishachomwa insulini kwa wiki mbili hivi, mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya ile ya sindano, na kipimo hakiwezi kuzitenganisha. Kama ameshaanza sindano, kiache.

Damu hutolewa kwenye mshipa, bila kufunga kula. Yanayoharibu jibu ni mengine. Aliyeongezewa damu au dripu ya imunoglobulini karibuni anaweza kuonyesha kingamwili za mtu mwingine. Biotini ya dozi kubwa, ile ya vidonge vya nywele na kucha, huvuruga baadhi ya mashine. Itaje kabla ya kutoa damu, maabara ikuambie uisimamishe kwa muda gani.

Udhaifu mkubwa uko kwenye karatasi ya majibu. Neno “chanya” peke yake halitoshi. Dai namba na kiwango cha mwisho cha kawaida cha maabara hiyo. Kiwango hicho mara nyingi huwekwa ili mtu 1 kati ya 100 wasio na kisukari aina ya kwanza akivuke, hivyo GAD65 iliyopita kidogo tu, ikiwa peke yake, irudiwe kwa sampuli mpya na ikiwezekana kwa mbinu tofauti. Kingamwili mbili zikiwa chanya, shaka karibu imekwisha. Usilinganishe namba za maabara mbili. Maabara inayoshiriki mpango wa kimataifa wa IASP wa kulinganisha ubora inastahili kupewa kipaumbele.

Jibu hasi nalo lisomwe kwa uangalifu. Asilimia 5 hadi 10 ya wenye aina ya kwanza hawana kingamwili zinazopimika, na kisukari cha kurithi cha MODY hakizionyeshi. Hapo C-peptidi, kipimo cha damu kinachoonyesha insulini ambayo mwili wenyewe unatengeneza, husaidia, mradi isipimwe sukari ikiwa imepanda sana au kijana ametoka kwenye ketoasidosisi (hali ya hatari ya damu kujaa asidi kwa kukosa insulini), maana kongosho lililozidiwa hutoa kidogo kuliko uwezo wake. Subiri wiki kadhaa, na sukari ipimwe kwenye damu ya saa hiyo hiyo. Chini ya 200 pmol/L huashiria upungufu mkubwa wa insulini; zaidi ya 600 huelekea aina ya pili. Namba hizo huaminika zaidi baada ya miaka 3 ya ugonjwa: mwanzoni aina ya kwanza nayo huwa bado ina insulini ya kutosha.

Akiwa chanya, insulini isiondolewe kwa sababu tu sukari imetulia kwa miezi michache, na tezi ya shingo ipimwe pamoja na ugonjwa wa siliaki (utumbo kudhurika kwa gluteni ya ngano). Dawa za kutoa sukari kupitia mkojo, kundi la SGLT2, ziepukwe: zinaweza kuleta ketoasidosisi wakati sukari haijapanda sana, na nyumbani kipimo cha kidole kikawadanganya.