COMPAS: makosa yalingane, au alama zilingane?

Mwaka 2016 ProPublica, shirika la habari za uchunguzi la Marekani, ilichunguza COMPAS, programu inayompa mshtakiwa alama ya 1 hadi 10 kukadiria kama atarudia uhalifu, katika kaunti ya Broward, Florida. Kati ya washtakiwa Weusi ambao hawakurudia kosa, karibu asilimia 45 walikuwa wameorodheshwa kuwa hatari. Wazungu, asilimia 23.5. Kwa kipimo hiki, haki ni makosa kuwaangukia wote sawasawa.

Northpointe, waliounda programu hiyo, walishika kingine: alama 7 imaanishe hatari ileile kwa kila rangi. Viwango vya kukamatwa tena vikitofautiana, hesabu haikubali vyote viwili kwa pamoja.

Naegemea cha kwanza, maana anayeitwa hatari kimakosa, akasota rumande bure, ndiye anayeumia. Ila vyote viwili vinahesabu waliokamatwa (si waliokosa!), na polisi hawazungukii kila mtaa kwa bidii ileile.