Soksi za juu ya kiatu kwa mfumaji wa Wete: nimezitembeza tope mpaka zikaomba msamaha

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana bila ya lile kosa huyu bi nisingemjua. Mimi nasomesha skuli moja huku Pemba upande wa kaskazini, gari inanishusha barabara kubwa halafu natia mguu kama dakika ishirini hivi, njia ya udongo, inashuka bonde la mpunga inapanda kilima inashuka tena, anaeijua Pemba anajua nnachosema, kisiwa hichi ukipata mita mia tambarare umshukuru Mungu. Kiangazi hakuna neno. Masika yakiingia, mwezi wa tatu mpaka wa tano, nafika skuli viatu vimeshiba tope, soksi zimeroa, pindo la baibui lina rangi yake peke yake, na ndani ya kiatu mna vijiwe viwili vitatu vinanikwangua mpaka mapumziko.

Najua utaniambia vaa gambuti. Nimevaa. Miguu inachemka humo kama muhogo kwenye sufuria, ukifika uvue utoe viatu vyengine mkobani, na fangasi nilizozipata mwaka ule sitaki hata kuzisimulia.

Sasa nikaona mtandaoni watu wa nchi za baridi wanavaa kitu kama soksi lakini haina kidole wala kisigino, inaanza chini ya goti inashuka inafunika mdomo wa kiatu pamoja na kamba zake, na chini ina mkanda unapita kwenye soli ili isipande juu. Wao wanazuilia theluji na kokoto zisiingie kiatuni. Wanaita geita (sio ile ya dhahabu). Wala si mambo ya leo, askari wa Mwingereza zamani walikuwa wakijizungushia vitambaa virefu toka kifundoni mpaka chini ya goti, kazi ni hiyo hiyo, na jina la vile vitambaa walilichukua kwa Wahindi, patti, yaani bendeji. Nikasema haya, kama askari walitembea navyo vitani mimi vitanifikisha darasa la tano B.

Nikaagiza duka moja la mtandaoni, jina nalisitiri. Elfu thelathini na tano, na nauli ya boti mpaka Mkoani juu yangu. Zimekuja nzuri mashallah, za kufuma, rangi ya maziwa (hapo tu ningejua), kwenye pakti imeandikwa saizi moja inamfaa kila mtu. Mvua ya kwanza tu, sijafika hata bondeni, zimekunywa maji zimekuwa nzito zimeanza kushuka, napandisha zinashuka, napandisha zinashuka, kilimani zishakunjamana vifundoni kama soksi za mtoto wa darasa la kwanza zilizokufa mpira. Nikawaandikia wale wa duka na picha juu. Wamesoma. Kimya mpaka leo.

Mwalimu mwenzangu akanambia shoga kwani lazima utoe ng'ambo, kuna bi mmoja Wete anafuma masweta na kofia za watoto wachanga na vile vitambaa vya makochi, mpelekee hayo madude yako ayatizame. Jina lake siliandiki kwa sababu mwenyewe kanikataza, anasema kazi alizonazo zinamtosha, lakini ukifika soko la Wete ukauliza mfuma masweta ya vichanga utaelekezwa tu.

Nimefika nimemkuta barazani, shikamoo bi, marahaba mwanangu, karibu. Nikamtolea zile za dukani. Akaipindua moja ndani nje, akaivuta, akaiachia, akaitizama haikurudi ilivyokuwa. Akaninyooshea.

"Hii pamba. Pamba inakunywa maji. Ukiitia mguuni mvuani ushabeba ndoo."

Hapo nikajua nimefika. Nikataka kuvua kiatu apime mguu, akanizuia, "la, usivue, nnataka mguu na kiatu chake." Na hili nawaambia ndilo lilonifanya nikae kuandika yote haya, maana kitu hichi hakivaliwi na mguu mtupu, kinavaliwa na kiatu, na wale wa saizi moja kwa wote hawakuwahi kuniuliza navaa kiatu gani. Alichukua futi yake ya kushonea akapima kigimbi pale penye unene, akapima kifundoni juu ya kiatu, akapima kutoka chini ya goti mpaka sakafuni, halafu akainama akapima upana wa soli kwa ajili ya mkanda. Kigimbi changu ni sentimita 36. Akaandika 36, chini yake akaandika 32. Nikasema bi hapo umekosea. Akacheka, akasema ukifuma 36 kwa mguu wa 36 itakaa siku moja, ya pili utaipandisha kwa mkono, kitu cha kufuma kinavutika, kwa hivyo lazima kiwe kidogo kuliko mguu ili kiushike.

Kisha akafuma kipande cha kujaribia, kama kiganja hivi, akakiosha akakianika akanambia rudi kesho kutwa. Mimi nikaona ananizungusha. Kumbe uzi ukioshwa unabadilika, na yeye hesabu zake anazitoa kwenye kipande kilichokwisha kuoshwa. Nimerudi akanionesha, sentimita 10 zina vitanzi 22, kwa hivyo 32 zinataka vitanzi 70 na ushei. Akaanza na 72. Kwa nini 72 na sio 70? Kwa sababu juu kule anafuma viwili mbele viwili nyuma, viwili mbele viwili nyuma, zile mbavu mbavu za shingo ya sweta, ndizo zinazovutika kama kinanda na kurudi, na mafungu ya vinne lazima yatimie mzunguko mzima yasije yakakatika njiani. Anahesabu kwa midomo bila sauti, sindano nne zinacheza mkononi, ya tano ndiyo inayofuma. Bi huyu kabla ya sweta alikuwa akishona kofia za mkono, na mtu aliyezoea kuhesabu vitobwe vya kofia 72 kwake ni chai.

Kutoka kifundoni kushuka ndipo penye ufundi wenyewe. Mbele pale juu ya kiatu anaongeza kitanzi kimoja kila upande, mstari mmoja anaongeza mmoja anaacha, inapanuka taratibu mpaka inatoka pembe kama sambusa imelala juu ya kamba za kiatu. Nyuma anaacha fupi ili kisigino kisiburure. Pembeni akatia vifungo vitano, upande wa nje wa mguu, akasema ukivitia ndani mguu huu utanasa na mguu ule utaanguka mbele ya wanafunzi. Nilimuomba atie zile za kubandika zinazolia krrr, akakataa katakata, zile zinashika nyuzi zinazichomoa, na tope likishaingia kwenye vile vijino hazishiki tena. Nilinuna kidogo lakini saa hizi namuunga mkono.

Uzi alotia ni wa sweta wa kawaida, akriliki, yaani uzi wa kiwandani jamii ya plastiki, wenye nailoni ndani. Nilimuuliza kuhusu sufi ya kondoo halisi maana niliona kule mtandaoni wanaisifu, inakaa na joto hata ikiroa, na ukiitia maji ya moto ukaisugua inajifunga inakuwa nzito kama zulia. Akaniuliza, "joto la nini tena mwanangu?" Nikanyamaza.

Bei elfu kumi na nane kwa jozi, uzi wake mwenyewe. Rangi nyeusi.

Haya sasa kazi yake njiani. Kwanza niseme ukweli, hazizuii maji. Ukikanyaga dimbwi maji yanaingia, kitu kina matundu kitazuiaje. Kinachozuiwa ni marashio, lile tope linaloruka kutoka kwenye kisigino chako mwenyewe, na vijiwe, na michanga, na umande wa majani asubuhi. Tope linashika juu ya uzi halifiki kwenye soksi, nikifika skuli nafungua vifungo vitano, navikung'uta ukutani, nazilaza dirishani, mguu uko mkavu na kiatu juu ni kisafi, chini ya soli tu ndiko nnakofuta na jani. Saa sita zishakauka kama mvua imekata. Zile za pamba zilikuwa zinalala mbichi mpaka kesho yake na harufu juu. Na kigimbini hazijashuka hata siku moja, nimepanda kilima nimeshuka, nimekimbilia gari, zimo tu.

Wanafunzi siku ya kwanza nimewasikia dirishani, "Mwalim kavaa sweta la miguu!" Mwalimu mkuu nae akaniuliza kama nna homa.

Sasa lawama, maana zipo. Kubwa ni mkanda wa chini. Alinifumia mkanda wa uzi ule ule, mzuri, umenyooka, na wiki mbili tu za kokoto umekatika wa kulia, siku ya tatu yake wa kushoto. Na mkanda ukikatika kitu chote kinakuwa hakina maana, ile sambusa inanyanyuka inapepea, tope linaingia kwa chini. Nikamrudishia, akautizama akasema nilidhani utashika. Hapo ndipo nilipoona tafauti ya mtu na duka, hakujitetea, kanambia nenda kwa fundi baiskeli kalete tyubu mbovu. Tumekata vipande viwili upana wa vidole viwili, fundi viatu akatoboa kwa msharasi matundu mawili kila ncha, bi akashona vifungo viwili kila upande kwa ndani. Sasa mkanda wa tyubu unafunguka, ukichakaa unakata mwengine, bure. Mpaka leo nimebadilisha mara moja tu. Kwa hivyo ukienda kwake mwambie mapema unataka wa tyubu, usikubali wa uzi hata akikusifia.

Lawama ya pili ni ahadi. Kanambia wiki, nimezipata mfungo umekwisha na sikukuu imepita, kwa sababu watu wote wanataka masweta ya vichanga na mimi na viatu vyangu nikawekwa nyuma ya foleni. Mvua nusu yake imenipiga huku nasubiri.

Ya tatu si lawama yake, ni yangu. Siku moja nimechelewa nikapanda boda, nimekaa kiupande na baibui langu, mguu ukagusa ekzosi kidogo tu, ilikuwa kama kufumba na kufumbua, nasikia harufu ya plastiki. Akriliki haiungui ikawa jivu kama pamba, inayeyuka inaganda. Pana alama kubwa kama shilingi mia, ngumu, inakwaruza. Ingekuwa imegandia kwenye ngozi ingekuwa hadithi nyengine, kwa hivyo wenzangu wa boda kuweni na hadhari, na jikoni kwenye kuni musisogee nazo.

Na kuna watu wameniuliza kama zinafaa shamba la karafuu. Ami yangu aliziazima kwenda kuchuma, nikampa kwa moyo mmoja. Zimerudi zimejaa kishonanguo, vile vijimbegu vyeusi vyenye meno, kila kitanzi kimeshika chake, nimekaa na watoto jioni nzima tunachomoa kimoja kimoja, na ami anasema kidogo apite penye upupu. Ingekuwa upupu ningezichoma moto, vile vinyweleo vikishaingia kwenye ufumaji vitatoka lini? Shamba vaa turubali au suruali nzito uichomeke ndani ya gambuti. Hizi ni za njia, za mtu anaetoka barabarani kwenda kazini.

Kufua ni maji baridi na sabuni ya kawaida, usizikamue kwa kuzipindapinda, zikande kwenye taulo kisha uzilaze kivulini, ukizitundika zimeroa zinarefuka na zile hesabu zote za vitanzi 72 zimekwenda na maji. Na usichague nyeusi kama mimi, tope letu likikauka juu ya nyeusi linaonekana kama ramani. Jozi ya pili nimetia rangi ya kahawia, haionekani hata nikivuka bonde mara mbili.

Nampa nyota nne, ya tano kaila mkanda wa uzi.

Wiki iliyopita mwalimu mkuu kanifata ofisini, kafunga mlango, kanitia kikaratasi mkononi. Kigimbi 41, kiatu namba 44, mkanda wa tyubu, na chini kapigia mstari: rangi isiwe ya vichanga.