Ubishi wa shambulizi mezani: dadu au kanuni?

Katika HeroClix, mchezo wa mezani wa kupiganisha sanamu ndogo za mashujaa uliotoka 2002, hesabu ni nyepesi: dadu mbili, jumlisha namba ya shambulizi, ukifikia ulinzi wa adui, umempiga. Ubishi huanza kadi inaporuhusu sanamu kushambulia tena bila kueleza kama hicho ni kitendo kipya.

Wapo wanaorusha dadu kuamua, njia ambayo hata vitabu vya kanuni vya Warhammer 40,000, mchezo mwingine wa vita vya sanamu, vimewahi kuipendekeza. Haigharimu chochote na mchezo haupoi. Lakini jibu la leo halifungi la kesho, na aliyejenga kikosi chake chote juu ya kadi ile anaonewa. Hilo linaniuma kweli.

Kupekua kanuni rasmi hula muda na bando, na anayewahi matatu ya kurudi Rongai hana subira hiyo. Ila jibu hudumu, mradi mtu apakue toleo jipya kanuni zinapobadilishwa.

Mkiwa wawili sebuleni Umoja, rusheni dadu mwendelee. Kwenye shindano lenye zawadi, mtafuteni mwamuzi, na mmkubali kabla sanamu ya kwanza haijasogezwa.