Mashine ya nanofaiba saluni kwangu Nkuhungu: harufu inakula, vumbi linaila yenyewe

Aliyewahi kubandika kucha kwenye chumba kidogo hapa Dodoma mwezi wa nane ananielewa. Ukifunga dirisha, asetoni na kile kimiminika cha akriliki vinakukaa puani mpaka unapanda kitandani. Ukifungua, upepo unamwaga vumbi la barabarani juu ya rangi ambayo haijakauka, unafuta, unaanza upya, na mteja halipi mara mbili.

Ndiyo maana mwezi wa sita nilitoa Sh 280,000 kununua mashine ya kusafisha hewa kwa muuzaji wa mtandaoni, ikaja kwa basi kutoka Dar. Simtaji jina. Aliniahidi mambo mawili: inamaliza kila kitu hadi vumbi, na taa yoyote ya ndani inatosha kuiamsha. Yote mawili yalikuwa maneno ya biashara.

Ndani yake kuna feni, kichujio cha mkaa, kitambaa cheupe laini kama bendeji, na taa ndogo za zambarau zinazokimulika. Mdogo wangu anasoma kemia Chuo Kikuu cha Dodoma. Alipokuja Jumapili aliifungua kabla hata ya kunywa chai. Akanieleza kwamba kile kitambaa ndicho nanofaiba yenyewe. Nyuzi zake huvutwa kutoka kwenye sindano kwa umeme wa maelfu ya volti, zikatoka nyembamba kuliko unywele zaidi ya mara mia. Zimebeba titani dioksidi, ule weupe uliomo kwenye rangi ya ukuta. Mwanga ukiipiga titani, unyevu na oksijeni vya hewani vinageuka kuwa vitu vikali vinavyovunjavunja kemikali mpaka ibaki kabonidayoksaidi na maji. Mwanga kupasua maji kwa titani kulionyeshwa na Wajapani wawili, Fujishima na Honda, mwaka 1972, kwa hiyo si uganga wa jana.

"Ila dada, taa zako hizi za LED za darini hazisaidii kitu," akasema. Titani ya kawaida inataka urujuanimno, yaani mwanga wa UV, wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 390 hivi. Zipo zilizochanganywa na vitu vingine zikakubali mwanga wa kawaida, lakini yangu siyo. Zile za zambarau zikiungua, nimebaki na feni na mkaa.

Nikataka kujua kama ni titani inayofanya kazi au ni mkaa tu unaofyonza. Nikauchomoa mkaa. Usiku mmoja nikaacha pamba yenye asetoni mezani, feni ikizunguka, taa zimezimwa. Asubuhi harufu ilinipokea mlangoni. Usiku wa pili kila kitu vilevile, ila taa zinawaka. Asubuhi ilibidi nisogee mpaka mezani ndipo niisikie. Sina kipimo zaidi ya pua yangu, lakini pua ya fundi kucha si ya kudharau. Tatizo ni mwendo: inafanya kazi polepole. Wateja watatu wakikaa pamoja, harufu inaishinda, na inaanza kupumua wakishaondoka.

Vumbi ndilo lililoniumiza. Wiki ya tatu kitambaa kilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na harufu ikarudi kama zamani. Mwanga haufiki kwenye titani iliyofunikwa, na udongo hauvunjwi na mwanga hata ukiumulika mwaka mzima. Kusugua kwa sabuni ni kukichana. Nilikipuliza taratibu, nikakianika juani siku nzima, kikapata nafuu lakini weupe ule haukurudi. Tangu hapo nimevalisha mdomo wa mashine soksi ndefu ya nailoni, naifua kila Jumamosi, na maji yake yanatoka kama ya kuoshea viazi. Soksi ya Sh 2,000 ndiyo inayoilinda mashine ya laki mbili na themanini!

Umeme hauna shida. Yangu ni wati 25, ikiwaka kwa muda wa saa kumi inakula robo ya uniti.

Kwa mwenye saluni ya kucha, au fundi anayepaka thina ndani, nitasema nunua, lakini muulize muuzaji taa ni za nanomita ngapi. Yangu imeandikwa 365. Zikiwa za 185 mkatalie, hizo zinatengeneza gesi ya ozoni, nayo inachoma kifua. Na usijifungie ndani ukaiachia mashine kila kitu: kemikali isipovunjwa mpaka mwisho inaweza kuacha fomaldehaidi, gesi yenye sumu, njiani. Mimi dirisha nalifungua saa 12 asubuhi, upepo ukiwa bado umelala. Kwa anayetaka kupambana na vumbi la Dodoma peke yake, hela hiyo apeleke kwingine.

Sasa natafuta seremala wa kunitengenezea mlango wa wavu laini. Mwenye namba ya fundi mzuri huku Nkuhungu anitumie, ila asiwe yule wa "njoo kesho".